Jirani wamemalizana kifamilia: je, nikizungumza na watoto wangu nitakuwa nimewafungua macho?

Swali la msomaji: “Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa watoto watatu, binti wa miaka 12, mvulana wa miaka 9 na binti mdogo wa miaka 7. Tunaishi katika nyumba ya kupanga pembezoni mwa mji, Tanzania Bara. Mwezi uliopita iligundulika kwamba binti wa jirani yetu, mwenye miaka 8, alikuwa akifanyiwa vitendo vibaya na ndugu yao, mtu mzima, aliyekuwa akiishi nao. Wazee wa ukoo wakakaa, wakamalizana kwa fedha, yule kijana akapelekwa kijijini, na sisi majirani tukaambiwa jambo hilo lisizungumzwe tena. Wapo waliosema kwamba mtoto angekuwa hataki angepiga kelele. Tangu siku hiyo silali vizuri. Nimependekeza kwenye kikoba chetu tuzungumze namna ya kuwalinda watoto, wenzangu wakasema nitawafungua macho kabla ya wakati. Mume wangu anasema inatosha kuwakataza wasichana kuvaa ovyo na kuzungumza na watu wasiowafahamu. Nianzie wapi? Na kuhusu mtoto wa jirani, je, tumeshachelewa?”

Marahaba, mama. Umeuliza mambo mawili, nami nitaanza na lile uliloliweka mwisho, kwa sababu ndani yake yumo mtoto anayehitaji msaada wiki hii. Hamjachelewa. Kuna baadhi ya mambo ambayo muda wake umepita, lakini yaliyobaki ni mengi na ni ya maana kuliko watu wanavyodhani.

Nianze na yaliyopita, ili msomaji mwingine atakayepatwa na jambo hili usiku wa leo ajue la kufanya. Mtu aliyebakwa au kulawitiwa anapaswa kufika hospitali mapema iwezekanavyo, na ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za PEP za kuzuia maambukizi ya VVU hazianzishwi baada ya muda huo; zikianzishwa, humezwa kila siku kwa siku 28. Kwa msichana aliyevunja ungo, dawa ya dharura ya kuzuia mimba inaweza kutolewa hadi saa 120, ingawa kadiri anavyochelewa ndivyo nguvu yake inavyopungua. Asioge kabla ya kupimwa, na nguo alizokuwa amevaa zisifuliwe, ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi na si wa plastiki, kwa kuwa unyevu wa plastiki huharibu ushahidi. Ikiwa ameshaoga, aende vilevile. Polisi hutoa fomu namba 3, ambayo wote tunaiita PF3, lakini mtoto anayetoka damu au mwenye maumivu makali apelekwe kwanza kwenye matibabu, na fomu ifuatiliwe huku akihudumiwa.

Kwa binti wa jirani yako, mwezi mmoja umepita, na kwa hiyo saa 72 zimepita. Bado anahitaji kupimwa VVU sasa na kurudiwa baadaye, kuchunguzwa na kutibiwa magonjwa ya zinaa, na zaidi ya yote kukaa na mtu aliyefunzwa kuzungumza na watoto. Mtoto aliyeumizwa kisha akaona watu wazima wote wananyamaza hujifunza kwamba kilichotokea ni aibu yake yeye. Fundisho hilo humdhuru kwa miaka mingi, na linaweza kuondolewa hata baada ya mwezi, hata baada ya mwaka.

Nikuonye juu ya jambo moja ambalo huwavunja moyo wazazi wengi: daktari anaweza kumchunguza mtoto na asikute jeraha lolote. Ndivyo ilivyo kwa watoto walio wengi waliofanyiwa ukatili huu, kwa sababu sehemu hizo hupona haraka na kwa sababu vitendo vingi haviachi alama. Kipimo cha kutazama “kama bado ni bikra” hakina msingi wa kitabibu, na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalitaka kiachwe kabisa. Kwa hiyo maneno ya “daktari hakuona kitu” hayamaanishi kwamba hakuna kilichotendeka. Mahakama ya Rufani ya Tanzania imeeleza katika hukumu zake kwamba ushahidi wa kweli wa kubakwa hutoka kwa aliyebakwa mwenyewe, na Sheria ya Ushahidi inairuhusu mahakama kutegemea maneno ya mtoto peke yake ikiridhika kwamba anasema kweli.

Sasa kuhusu kumalizana. Wazee wanaweza kusuluhisha ugomvi wa mipaka ya shamba au wa mahari, lakini hawana mamlaka ya kumaliza kosa la jinai, kwa sababu mlalamikaji wa kosa hilo ni Jamhuri. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, ambayo masharti yake yaliingizwa katika Kanuni ya Adhabu, inaweka kifungo kisichopungua miaka 30 kwa ubakaji, na kifungo cha maisha pale msichana anapokuwa na umri wa chini ya miaka 10. Sijui ni kitendo gani hasa alichofanyiwa mtoto huyu, na aina ya kosa ni kazi ya vyombo vya sheria kuitaja; ninachojua ni kwamba fedha waliyopokea wazee haikufuta kosa, wala haikumtibu mtoto. Zaidi ya hayo, kijana amepelekwa kijijini, na kijijini nako kuna watoto. Wamemwondoa machoni mwa wale wanaojua alichokifanya na kumpeleka kwa wasiojua.

Nakushauri uende kwa mama wa mtoto, peke yako, wakati hakuna wageni. Usiende na lawama, kwa sababu huenda naye alinyamazishwa, na huenda kodi ya nyumba na chakula cha watoto vinatoka mikononi mwa hao hao walioamua. Mwambie unamfikiria binti yake, mweleze kuwa hospitali bado inaweza kumsaidia, na ujitolee kumsindikiza. Hospitali kadhaa za mikoa zina vituo vya mkono kwa mkono, ambapo matibabu, ushauri na polisi hupatikana mahali pamoja. Pasipo na kituo, nendeni kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri au Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Akikataa kabisa, wajibu wako hauishii hapo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa, na namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto hupigwa bila malipo.

Sitakuficha kwamba kutoa taarifa kuna gharama. Mnaweza kununiana na majirani, kesi inaweza kwenda polepole, mashahidi wanaweza kuyeyuka, na mtoto anaweza kuulizwa mambo yale yale na watu wengi kuliko inavyofaa. Nimewaona wazazi waliofuatilia haki wakachoka njiani, na siwezi kuwalaumu. Hata hivyo, nikiweka gharama hizo upande mmoja, na upande wa pili nikaweka mtoto asiyetibiwa pamoja na watoto wa kijijini wasio na habari, sioni namna ya kukushauri unyamaze. Unachoweza kufanya ni kumpunguzia mtoto mzigo: usimhoji wewe, usirekodi sauti wala picha yake, na usiruhusu jina lake lipite kwenye makundi ya WhatsApp hata kwa nia njema ya kumwombea.

Hao waliosema angepiga kelele, wengi wao hawasemi kwa ubaya; hawajui mwili hufanya nini unapopatwa na hofu kubwa. Tumezoea kudhani kwamba kiumbe aliyeshambuliwa ama hupigana ama hukimbia, lakini njia ya tatu ni kuganda. Misuli hukaza, sauti hukauka, na mtu husikia kila kitu bila kuweza kuinua mkono. Mwaka 2017 watafiti wa Stockholm nchini Sweden walichapisha matokeo ya mahojiano na wanawake 298 waliofika kwenye kliniki ya dharura baada ya kubakwa, na asilimia 70 kati yao walieleza hali kubwa ya kuganda wakati wa tukio. Hao walikuwa wasichana wakubwa na wanawake. Mtoto wa miaka 8, mbele ya mtu anayemwita kaka au baba mdogo, mtu anayekula naye sahani moja, ana sababu nyingi zaidi za kunyamaza.

Ukimya huo, mama, kwa kawaida huandaliwa mapema. Mtu anayewaumiza watoto hutumia wiki au miezi akijipendekeza kwa familia: ndiye anayejitolea kumpeleka mtoto shule, ndiye anayemfundisha hesabu, ndiye anayekuja na biskuti. Huchagua mtoto ambaye hana mtu wa kumsikiliza, au anayesemwa kuwa ni mwongo au mtundu, ili akisema asiaminiwe. Humpa siri ndogo kwanza, kama vile “tusimwambie mama kwamba nimekununulia soda”, na mtoto akiitunza siri hiyo, yule mtu anajua kuwa atatunza na kubwa zaidi. Kugusa huanza kama mchezo au kama bahati mbaya. Mwishoni huja vitisho, na mara nyingi si vya kisu: “ukisema, mama yako atakufa kwa presha”, au “ukisema, mimi nitafungwa na nyumbani mtakosa kula”. Mtoto hunyamaza ili kuwalinda wale anaowapenda. Ukiuelewa mwenendo huu utaona kwamba nguvu yake yote inategemea siri, na wazee walipowaambia msizungumze tena, bila kukusudia wameiongezea nguvu ile ile.

Hapo ndipo ninapotofautiana na mumeo, ingawa naiheshimu nia yake ya kuwalinda wanawe. Mwaka 2009 ulifanyika utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto nchini Tanzania, na matokeo yake yalitolewa mwaka 2011: karibu wasichana 3 kati ya kila 10, na karibu mvulana 1 kati ya kila 7, walieleza kwamba walifanyiwa angalau tukio moja la ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa wasichana, karibu nusu ya matukio hayo yalitokea ndani ya nyumba ya mtu. Mtoto aliyefundishwa kumwogopa asiyemfahamu tu hana silaha yoyote mbele ya jirani, mwalimu wa tuisheni au binamu. Na mavazi hayaelezi lolote. Wanaoumizwa ni pamoja na watoto wachanga waliofungwa nepi, wavulana wenye sare za shule na wanawake waliojisitiri mwili mzima. Binti akiaminishwa kwamba nguo yake ndiyo inayoleta ubaya, siku akiumizwa atajitafuta kosa mwenyewe, na hatasema. Mwambie pia mumeo kwamba mvulana wenu wa miaka 9 anahitaji mazungumzo haya sawa na dada zake. Wavulana husema kwa nadra zaidi, kwa kuogopa kuchekwa na kuitwa majina.

Wenzako wa kikoba wanahofia kuwafungua macho watoto. Hofu hiyo naielewa, kwa sababu hata mimi nimelelewa katika nyumba ambamo maneno haya hayakutamkwa. Lakini kumfundisha mtoto kwamba mwili wake ni wake si kumfundisha ngono, kama ambavyo kumwambia asiguse waya wa umeme si kumfundisha ufundi wa umeme. Wala mafunzo ya mwili si mageni kwetu: somo na kungwi walikuwa na kazi hiyo katika jamii zetu nyingi. Tatizo ni kwamba wao walimngoja msichana avunje ungo, na anayewawinda watoto hangoji. Kuna pia jambo la lugha ambalo hunisumbua. Tunaziita “sehemu za siri”, na ni jina la stara, zuri kwa wakubwa. Lakini mtoto wa miaka 7 husikia neno siri na huenda akaelewa kwamba lolote linalohusu sehemu hizo halisemwi. Mwambie waziwazi kwamba zimeitwa hivyo kwa sababu hazionyeshwi ovyo, na kwamba kwa mama na baba hakuna siri juu yake. Mpe majina ya kueleweka, kwa kuwa mtoto asiye na maneno hubaki na “kanifanyia tabia mbaya”, na mkubwa mwenye haraka hudhani amesukumwa au ameibiwa kalamu.

Kwa binti yako mdogo wa miaka 7, dakika tano wakati wa kumwogesha zinatosha, na zirudiwe mara kwa mara bila kumtisha: hakuna anayegusa hapo isipokuwa anayekusaidia kuoga au daktari, mama akiwepo; mtu akigusa, au akikutaka umguse yeye, au akikuonyesha picha za watu wasio na nguo, sema hapana, ondoka, niambie, nami sitakugombeza hata kama ulipokea zawadi. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo yenye uzito kuliko zote. Mvulana umwambie hayo hayo, na uongeze kwamba hata mwanamke au mvulana mkubwa anaweza kufanya hivyo, na kwamba naye hana ruhusa ya kumgusa mwenzake asiyetaka. Kwa wa miaka 12 keti naye kama mtu anayekua. Zungumzeni juu ya hedhi na mabadiliko ya mwili, juu ya dereva wa bodaboda anayemsaidia nauli kila siku, juu ya mtu anayemwomba picha kwa simu, na umweleze kwamba mtu mzima anayemtongoza mtoto ndiye mwenye kosa, hata kama mtoto alifurahia maneno yake.

Yapo pia tunayoyafundisha kwa jina la adabu ambayo yanahitaji kurekebishwa. Mtoto aamkie wakubwa, asaidie kazi, asijibu kwa jeuri, hayo yabaki. Lakini asilazimishwe kupakatwa wala kukumbatiwa na mgeni kwa kuogopa kuonekana hana heshima, na asitumwe peke yake kwenye chumba cha mtu mzima. Hata hivyo, mzigo mkubwa haupaswi kuwa mabegani mwa mtoto. Mtoto aliyefundishwa vizuri bado anaweza kuzidiwa nguvu na akili na mtu mzima, kwa hiyo kazi ya ulinzi ni yenu. Angalieni nani analala na nani, hasa katika nyumba za chumba na sebule ndugu wanapokuja. Angalieni usiku wa misiba na harusi, ambapo watoto hulundikwa kwenye mkeka mmoja na hakuna anayejua nani ameingia. Tuisheni ifanyike mahali penye macho ya watu. Na mtoto akisema hataki kwenda kwa fulani, muulize kwa upole kabla ya kumburuta.

Kuhusu kikoba, usianze kwa kisa cha jirani, maana mtoto huyo atatambulika mara moja. Mwalike afisa ustawi wa jamii au askari wa Dawati la Jinsia na Watoto, mmpe nusu saa baada ya hesabu za hisa, na wanawake waulize wanayotaka kuuliza. Chini ya MTAKUWWA, yaani mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, zinapaswa kuwepo kamati za ulinzi wa wanawake na watoto katika kata, vijiji na mitaa. Muulize mtendaji ya kwenu inakutana lini na nani wamo. Watafuteni na wanaume, kwa sababu kikao cha akina mama peke yao kitaishia mlangoni pa nyumba. Msikate tamaa mkikutana mara moja na kusiwe na kilichobadilika. Jijini Kampala, shirika la Raising Voices lilibuni mpango uitwao SASA!, jina lililochukuliwa kwenye Kiswahili chetu, ambamo wakazi wenyewe huzungumza na majirani zao juu ya matumizi ya nguvu na mamlaka ndani ya nyumba. Ulipotathminiwa kati ya mwaka 2007 na 2012, kipigo cha wenza katika maeneo uliyofikia kilionekana kuwa karibu nusu ya kile cha maeneo mengine. Ule ulihusu zaidi ukatili kati ya wenza, kwa hiyo siuchukulii kama uthibitisho wa mambo yote, lakini unaonyesha kwamba mazungumzo ya majirani, yakidumu kwa miaka, hubadilisha kile ambacho mtaa unakivumilia.

Mpeleke mtoto kituo cha afya siku hiyo hiyo ukiona damu, usaha, maumivu anapojisaidia au anapotembea, au akisema lolote linaloashiria kwamba ameguswa. Kukojoa kitandani upya, ndoto za kutisha, kumwogopa ghafla mtu mmoja, zawadi zisizo na maelezo na michezo ya kingono isiyolingana na umri wake ni dalili za kukufanya usogee karibu naye. Si ushahidi kamili, kwa kuwa hata kuhama nyumba au ugonjwa wa njia ya mkojo unaweza kuleta baadhi yake. Akianza kusema, punguza mshtuko usoni, mwambie “niambie ilikuwaje”, umwache aeleze kwa maneno yake, umwambie umemwamini na kwamba si kosa lake. Usimwahidi kutomwambia mtu. Mwambie kwamba utawaambia wale tu watakaomsaidia.

Limebaki la usingizi wako. Huenda ni huruma kwa mtoto wa watu na hofu kwa wako, na ukishachukua hatua ya kwanza utalala. Lakini wanawake wengi walioniandikia barua kama yako walikuja kueleza baadaye kwamba kisa cha jirani kiligusa kitu cha utotoni mwao ambacho hawakuwahi kumwambia mtu. Sikuulizi kama ndivyo ilivyo kwako. Ikiwa ndivyo, au ikiwa usingizi haujarudi baada ya wiki mbili, nenda hospitali ya wilaya uombe kuonana na mshauri nasaha au mtaalamu wa afya ya akili. Unaweza kumwambia tu kwamba hulali, na mengine yakafuata siku utakayokuwa tayari.